Chumba cha Gitaa

19 Januari

Mpwa wangu, Fundi Miwani,

Habari za siku nyingi? Mimi mjomba wako sijambo, mwili unajikongoja lakini mdomo haujapunguziwa kazi. Fundi cherehani wa hapa chini anakusalimu. Hamjawahi kuonana, ila kwa jinsi ninavyokusifu anadai mmeshazoeana. Dada yangu, huyo mama yako mwenye magoti ya kulalamika, yu hali gani? Mwambie nimeota tunagombania ukoko kama tulipokuwa wadogo, na hata ndotoni kanishinda.

Huku bendi ni ile ile, hoteli ile ile, na walevi ni wale wale wanaoomba nyimbo zile zile. Mpiga tarumbeta wetu ameweka meno ya bandia, sasa pumzi zinamtoka pembeni. Juzi alipiga noti moja ikasikika kama birika linalochemka. Tulicheka mpaka meneja akaja kuuliza kama tunawacheka wateja.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa kumi uliniandikia kwamba una mgeni tumboni, na tangu hapo kimya. Simu kwangu si kitu, unajua. Spika za jukwaani zimeshayala masikio yangu, mtu akinipigia nasikia kuku ndani ya gunia. Barua ndiyo naielewa. Basi niambie: tumbo linaendeleaje? Dereva wako amemaliza kupaka rangi kile chumba? Na mwambie apunguze spidi siku hizi, ana wa kumrudia.

Ni mimi mjomba wako,
Nyuzi

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na fundi wako wa chini. Sisi hapa tunaendelea. Barua yako ilifika mwisho wa Januari, nikaiweka juu ya friji, ikakaa hapo. Unisamehe, kazi zilikuwa nyingi. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, ikifika mchana anayasahau na kwenda kugombana na jirani kuhusu kuku. Dukani wameleta mashine mpya ya kukatia lenzi, na mimi ndiye nimekabidhiwa. Mteja mmoja alirudisha miwani akisema haoni vizuri nayo. Kumbe alivaa ya mkewe.

Nina jambo la kukuchekesha. Najifunza gitaa! Anayenifundisha ni mchezo wa televisheni. Mume wangu alirudi safari na boksi, akaliweka mezani, akasema, "Nimeona mikono yako ipate cha kufanya." Akaunga waya zote, kesho yake akaondoka na lori.

Gitaa ni gitaa la kweli, si la plastiki. Unachomeka waya, upande wa pili unaingia kwenye mashine. Kwenye kioo inatokea barabara ndefu inayokujia, na juu yake vinakuja vibao vya rangi, kila rangi na uzi wake. Kibao kikikufikia, hapo hapo unabana uzi na kuugonga. Ukipatia, kinawaka. Ukikosa, kinapita zake, na wimbo hauna habari na wewe. Ukikosa sana mashine inakuonea huruma, inavipunguza vibao, inakuletea kimoja kimoja kama unamlisha mtu kwa kijiko. Ukianza kupatia, inakuongezea. Mwisho inakupa maksi. Zangu sikutajii.

Ncha za vidole zinaniuma mpaka kazini nashika lenzi kwa kiganja. Hii ni kawaida?

Mpwa wako

20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Salamu zako zimefika, na fundi cherehani amecheka ile ya miwani ya mkewe hadi akakosea pindo la suruali ya watu.

Mashine! Nimekaa kitako nikaisoma sehemu hiyo tena. Mimi gitaa nilifundishwa na njaa na wivu. Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja aliyenichapa vidole kwa mpini wa ufagio. Leo mpwa wangu anafundishwa na televisheni, tena inamwonea huruma! Lakini sikukatazi. Mwalimu asiye na mpini wa ufagio tayari ana nafuu.

Maumivu ya vidole ni kawaida. Ngozi itakufa, itaota nyingine ngumu, na hiyo ndiyo itakayopiga. Usibane juu ya kile chuma kidogo cha shingo ya gitaa, bana nyuma yake, karibu yake kabisa. Shusha bega. Najua limepanda hadi sikioni ingawa sikuoni. Na pumua, wanaoanza wote hubana pumzi kama wanavuka mto.

Mimi jukwaani nimempisha kijana mmoja kwa muda, nipumzike. Si jambo kubwa.

Ila mpwa wangu, barua yako nimeisoma nikimtafuta mtu mmoja ndani yake, sikumwona. Umeniandikia kuku, umeniandikia magoti, umeniandikia vibao vya rangi. Mtoto je? Kwa hesabu yangu angekuwa ameshafika. Ni wa kike au wa kiume? Au mmeamua kunificha ili mniletee mzima mzima nizimie kwa furaha?

Mjomba wako

11 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mama anakusalimu. Mume wangu yuko safarini. Kuku wa mama wamebaki wanne, jirani anakana.

Nimeanza kukujibu mara nyingi, nikachana. Leo sichani.

Mtoto alikuja kabla ya wakati, wiki ile ile barua yako ya kwanza ilipofika. Hakulia. Mimi walinichoma sindano nikalala, na nilipoamka walikuwa wameshamzika. Mume wangu alikwenda na wanaume wawili wa mtaani. Sikumwona, mjomba. Sikuuliza kaburi liko wapi. Sikuuliza hata kama alikuwa wa kike au wa kiume, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu mama aliwakataza wote wasilitaje jambo hilo mbele yangu. "Mwacheni, akikumbushwa ataumia." Kana kwamba nilikuwa nimesahau!

Niliporudi nyumbani kitanda cha mtoto hakikuwepo, wala nguo. Kwenye zulia zilikuwa zimebaki alama za miguu ya kile kitanda, vishimo vinne. Juu ya alama hizo ndipo mume wangu alipoweka televisheni na mashine yake. Ile rangi uliyoiulizia, alimaliza kuipaka. Ni ya kijani, ya majani machanga. Sasa tunakiita chumba cha gitaa. Hakuna aliyekipa jina hilo, lilijileta tu, maana cha kukiita kingine hatukuwa nacho.

Nisikufiche, nilipofungua boksi lile nilimchukia. Niliona ananipa kitu cha kuchezea ili ninyamaze. Toka siku ile hatujazungumza lolote. Ananiuliza, "Umekula?" Namjibu, "Nimekula." Namuuliza, "Njia ilikuwaje?" Ananijibu, "Nzuri." Watu wakituona wanasema hawa wamejikaza, Mungu awabariki.

Kwa hiyo nikirudi kazini naingia chumbani, nafunga mlango, nachomeka waya. Mashine haijui kitu. Hainiangalii kwa jicho lile la pole. Nikikosa inaandika RUDIA, nami narudia. Vibao vikianza kuja, kichwani hakuna nafasi ya kingine. Ndiyo faida yake, sina sababu nyingine.

Tafadhali usiniandikie pole. Nimeshapewa nyingi, sina tena pa kuziweka. Niandikie habari za gitaa.

Mpwa wako

3 Agosti

Mpwa wangu,

Utaona mwandiko si wangu. Niliteguka kifundo cha mkono nikibeba ndoo, kwa hiyo nasema, na fundi cherehani anaandika. Ana mwandiko mzuri kuliko mishono yake. (Mishono yangu haina kasoro. Fundi.)

Umenikataza kukupa pole, basi sikupi. Nakuambia tu nilichofanya. Nilipomaliza barua yako nilishuka ngazi nikakaa dukani kwa fundi, kwenye kile kiti cha wateja wanaosubiri, nikakaa hadi akafunga duka. Aliniuliza nina nini. Nimesema wiki iliyofuata.

Sasa gitaa. Najua kufikia sasa vidole vya kushoto vinachelewa kuhama, usivikimbize. Chukua sehemu mbili tu za wimbo, hama kutoka hii kwenda ile, rudi, nenda, hadi vidole viache kukuuliza njia. Mashine yako ikikuharakisha, iache ipite. Si lazima upatie kila kibao. Hata mimi jukwaani nimekosa noti nyingi, siri yake ni kutokunja uso.

Wimbo wako uko wapi sasa? Niandikie jina la kila unachokipiga. Mkono wangu utapona karibuni, nitakujibu mwenyewe.

(Mpwa, hapa mjomba wako anatazama dirishani, anadhani naandika salamu. Hajateguka. Mkono wa kushoto unamtetemeka tangu mwaka jana, na wa kulia umeanza kuufuata. Daktari ameutaja ugonjwa, amesema dawa zitaupunguza lakini hazitauondoa. Hotelini hawakumpumzisha, walimwambia asirudi. Chai namtilia nusu kikombe. Gitaa ameligeuza uso ukutani. Nimeona ujue. Mimi sina shughuli na siri za wanaume.)

Wasalimie wote. Msalimie na dereva. Usimchukie haraka.

Mjomba wako

27 Agosti

Mjomba, shikamoo, na fundi naye shikamoo yake mkononi.

Mama yuko vizuri. Kuku aliyepotea amerudi na vifaranga, jirani sasa anataka aombwe radhi.

Mjomba, kifundo gani hicho? Mimi nakata lenzi. Kazi yangu ni kuona kitu kilichopinda kabla mteja hajakiona. Sahihi yako chini ya barua nimeiweka kwenye ile taa ya kazini nikaitazama. Ni kama sisimizi amevuka na wino miguuni. Sitakugombeza, na wewe usimgombeze mtu. Nilikwambia yangu yote ukayapokea. Kwa nini yako ni mzigo wa kufichwa?

Nimelia kazini kwa mara ya kwanza tangu Januari, nikasingizia vumbi la lenzi. Sijui nilimlilia nani, wewe au mtoto.

Mume wangu amepewa njia mpya, sasa atapita mji wako. Namkabidhi mashine akuletee. Usikatae kwanza. Ndani yake kuna sehemu ya kupunguza mwendo. Unaweza kuufanya wimbo utambae, kibao kinakuja polepole hadi unakisubiri. Nimefikiri, labda mikono yako ikipewa muda wa kutosha itafika. Mimi nitakaa bila mashine kwa muda. Nitaona chumba kikiwa kimya kinafananaje.

Atakaa kwako siku mbili tatu akingoja mzigo. Si msemaji, usihangaike naye. Juzi nilikuwa napiga, nikaona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Nilipoacha, aliondoka.

Mpwa wako

30 Septemba

Mpwa wangu mpenzi,

Anaandika fundi, na safari hii nimemruhusu aandike kila kitu, maana hata nisipomruhusu ataandika.

Ni kweli yote aliyokuambia. Nilificha kwa sababu nilitaka pabaki mahali pamoja duniani ambapo bado mimi ni mpiga gitaa, na mahali penyewe palikuwa barua zako. Ukiniuliza nishike vipi, nibane wapi, mkono wangu ulikuwa mzima kwa muda ule wa kujibu.

Dereva alifika Jumanne, akabeba ile mashine ngazi zote kama anabeba mayai. Akaunga waya kwenye televisheni ya fundi, hapa dukani, kati ya vitambaa. Nikaligeuza gitaa langu. Nililifuta vumbi. Nikachagua somo la kwanza kabisa, lile la kugonga uzi mmoja. Nilisema, hili nitalipiga nimelala.

Mpwa wangu, lilinishinda. Kibao kilikuja taratibu, nikakiona tangu mbali, nikajua kabisa kidole kinatakiwa kwenda wapi. Kidole hakikwenda. Kilicheza pale pale kama nzi kwenye kioo. RUDIA. Nikarudia. Dereva akapunguza mwendo hadi wimbo ukawa unaburuta miguu. RUDIA. Fundi akaanza kutafuta sindano sakafuni, na hakuna sindano iliyoanguka. Umri wote huu nimepanda majukwaa, watu wamevunja viti wakicheza, na somo la watoto limenifukuza. Nikaweka gitaa magotini, nikasema basi, izimeni.

Dereva hakuizima. Alivuta kigoda, akakaa ubavuni kwangu kabisa, bega kwa bega, akapitisha mkono wake akashika shingo ya gitaa. Akasema, "Mjomba, nionyeshe pa kubana. Wewe gonga." Mkono wangu wa kulia bado unanisikiliza kidogo. Basi nikawa namwambia, "Uzi wa pili, hapo, panda, shuka," yeye anabana na vile vidole vyake vya kufungulia magurudumu, mimi nagonga. Tulikosa sana. Baadaye tukapatia vibao kadhaa vilivyofuatana, vikawaka, na fundi akapiga kigelegele hadi wapita njia wakachungulia.

Nilipogeuka nimcheke, nikakuta dereva analia. Mkono hajautoa kwenye gitaa. Anabana uzi, na machozi yanadondoka juu ya mbao.

Nikamwambia, "Mwanangu, sema."

Akasema, "Mimi ndiye niliyembeba, mjomba. Waliniambia nimshike tu mpaka karatasi zikamilike, nikamshika. Kisha nikambeba mpaka kule."

"Mbona hukumwambia mkeo?"

"Nianzie wapi? Mama alisema nisimkumbushe. Nikajiambia siku atakayouliza, nitamweleza yote. Nikawa nangoja aulize. Kila nikirudi safari naingia nikisema moyoni, leo atauliza. Hakuuliza."

"Na lile boksi?"

"Nilikuwa naogopa kumwona amekaa, ameweka mikono mapajani, hana cha kushika."

Alisema na mengine, mpwa wangu. Mengi. Hayo si yangu kukupa. Anayo mwenyewe, ameyabeba njia nzima kwenda na kurudi kwa miezi. Wewe ulidhani hataki kusema, yeye alidhani hutaki kusikia. Muulize.

Mashine inarudi kwako. Gitaa langu pia limo ndani ya lori, limefungwa blanketi. Lipige, lakini kwa sasa usiniandikie habari zake. Sijui kama utanielewa. Hata wimbo wa dirisha la jirani siku hizi naufungia. Nikiwa tayari, nitakuuliza mimi.

Mjomba wako

9 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, ametuma dawa ya kuchua pamoja na maelezo marefu; fundi akusomee, yana matusi kidogo. Nimeomba likizo yangu ya Desemba kwa ajili yako, nakuja, na sikuombi ruhusa. Mwambie fundi atafute godoro. Habari ile uliyonikataza, sitaiandika.

Barua yako ilimtangulia mume wangu; mizigo ilimzungusha, akarudi Alhamisi. Nilimwacha aoge, ale. Alikuwa amekaa ngazi ya jikoni anafunga kamba za viatu, anataka kwenda kuangalia tairi. Nikasimama nyuma yake kwa sababu usoni nisingeweza. Nikasema, "Alikuwa nani?"

Mikono yake ikasimama kwenye zile kamba. Akasema, "Wa kike."

Hakwenda kwenye tairi. Tulikaa pale ngazini hadi chai ikapoa na mama, aliyekuwa akija na kurudi akijifanya anatafuta ufagio, akaacha kujifanya, akakaa chini nasi.

Jumapili alinipeleka. Nilidhani tutatafuta, nilidhani nitakuta majani yamefunika. Mjomba, pale pamefagiliwa. Mawe yamepangwa pembeni, madogo, ya ukubwa mmoja, kila moja la rangi yake. Ameyaokota njiani, kila safari jiwe moja, toka kila alikopita. Ndiyo sababu siku za safari huondoka mapema kuliko kazi inavyotaka. Mimi nikawaza kwamba anaikimbia nyumba.

Nilikaa chini. Sikulia kama nilivyodhani nitalia, kilio kilikuja baadaye, kwenye basi, mbele za watu, na sikusingizia vumbi. Pale nilikuwa na maswali tu, yalinitoka moja baada ya jingine kama mtoto. Alikuwa mzito? Alifungwa kitambaa gani? Macho yalikuwa yamefumba vizuri? Akanijibu yote, hakuruka hata moja.

Nikamuuliza, "Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Zilikuwa zimelala upande mmoja."

"Upande gani?"

Akafikiri. Kisha akanyoosha mkono akanigusa hapa, juu ya sikio la kushoto, akauacha mkono hapo.

Mpwa wako